Mama ana saratani ya ovari, imesambaa tumboni: kwa nini kemo kabla ya operesheni?

Dada wa Bukavu, daktari kuahirisha operesheni si kwamba amekata tamaa. Saratani ya ovari ikishatapakaa kwenye utando wa tumbo na kujaza maji, mara nyingi mpasuaji hawezi kuitoa yote siku ya kwanza, na mabaki ndiyo yanayoharibu matokeo. Ndiyo maana huanza kemo, yaani dawa za kuua saratani: karboplatini na paklitakseli, mara moja kila wiki 3. Baada ya dozi 3 anapigwa skana tena, anapasuliwa, kisha anamalizia dozi 3 nyingine.

Kuhusu kupona, niseme wazi: kwa wengi uvimbe hunywea na CA-125 (kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii) hushuka, lakini kwa walio wengi pia ugonjwa hurudi ndani ya miaka michache. Ukirudi baada ya miezi 6 tangu kemo ya mwisho, dawa za platini, kama karboplatini, kwa kawaida bado husaidia. Ukirudi mapema zaidi, njia za kutibu ni chache.

Mkivuka mto Ruzizi kwenda hospitali ya saratani ya Butaro, Rwanda, msibebe karatasi tu. Ombeni maabara bloku ya parafini ya biopsi (kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta), la sivyo huenda akatolewa kipande upya.

Damu ipimwe kabla ya kila dozi. Homa ya 38 ni hospitali usiku huohuo, si parasetamoli na kungoja kuche. Akitapika bila kupata choo wala hewa, utumbo huenda umeziba: mkimbizeni. Maji yakimbana pumzi hutolewa kwa sindano, ila hurudi mpaka kemo ishike.