Shangazi, kila siku naambiwa nichangamke

Marahaba mwanangu wa Mbagala. Kwa wasomaji wengine, mwenzetu ana miaka 27, anauza laini za simu, anashinda chini ya mwamvuli pale Rangi Tatu akiita wapita njia, tageti ni ya kila siku, supavaiza anamwambia achangamke, wenzake wanasema anaringa, na akifika nyumbani anajifungia chumbani hata na mama yake hataki kuongea. Raha yake ni jioni akifunga hesabu za duka la mama. Anauliza ana kasoro gani na je aache kazi.

Kasoro huna mwanangu. Kuna watu wakiongea na wateja kutwa nzima wanarudi nyumbani ndo kwanza wana nguvu, wewe unarudi hoi, mmeumbwa tofauti basi. Umeniandikia kwamba juzi hesabu ilipishana shilingi 500 ukakaa na daftari mpaka saa nne usiku ukagundua ni mkate ambao mdogo wako alimkopesha jirani bila kuandika, ukalala usingizi mzuri. Hapo niliporudia kusoma nikajua kabisa huyu mtoto wanamweka mahali sipo. Hakuna aliyekutuma, hakuna tageti, na bado hukulala mpaka umeipata, watu wa hivyo wanatafutwa sana sehemu zenye hela za watu.

Ila kazi usiache kesho, kodi ya chumba haisubiri. Hapo hapo ulipo kuna mtu anayewagawia laini asubuhi na kuwahesabia jioni, si ndio? Mwambie supavaiza unataka kumsaidia huyo, hata kwa siku mbili za wiki, uone moyo wako unasemaje. Halafu ulizia mitihani ya ATEC, ile ya ngazi ya mwanzo ya uhasibu, ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, inafanyika Mei na Novemba, unaweza kusoma huku unafanya kazi. Nenda na cheti chako cha form four wakuambie unaanzia wapi.

Sasa hili la kukosa watu ndo limeniuma zaidi, maana umesema shosti alikupeleka kwenye kikundi chao cha kicheni pati ukaishia kushika simu kwenye kona. Kile ni kikundi cha kupiga stori na kucheza, wengine ndo starehe yao na sio vibaya, ila wewe unahitaji watu ambao mkikutana kuna kazi ya kufanya, maneno yanakuja yenyewe baadaye. Jaribu kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mnakaa kila wiki, mtu ananunua hisa zake, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, katibu anaita jina moja moja na kujaza vitabu mbele ya wote. Hapo ukimya wako ni heshima, yaani katibu anayeropoka nani anadaiwa ngapi hakai mwaka! Nimeona wanawake wapole kabisa wanaingia wakiwa hawasalimii mtu, baada ya miezi kadhaa ndo wanaopigiwa simu kikundi kikigombana.

Kabla hujatoa hata shilingi, waombe wakuonyeshe cheti cha usajili, maana tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, vikundi vya hapo anavijua.

Mama usimnunie anapokuombea ubadilike, anaogopa utabaki peke yako. Mwambie kwa upole kwamba ukitoka kazini unahitaji nusu saa ya kukaa kimya kisha utatoka mle pamoja, na utoke kweli. Na supavaiza ongea naye wiki hii hii, asubuhi kabla watu hawajagawiwa laini.