Ukurasa wa Mwanzo Umebadilika, Sijui Nibofye Wapi

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: mtu kaamka asubuhi, kafungua tovuti aliyoizoea miaka, kakuta ukurasa wa mwanzo umegeuzwa juu chini. Wengine wamekasirika, wengine wanaona haya kukasirika, na mmoja yuko upande wa pili kabisa, kwani ni miongoni mwa walioujenga huo ukurasa. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la kupokea malalamiko ya watumiaji wa tovuti, na jambo hili liko karibu sana na moyo wangu.

SWALI: Tovuti ninayosomea habari kila siku imebadilishwa ghafla. Kila nikiifungua najiona kama nimeingia nyumba ya watu. Watoto wangu wanasema ni uzee tu, nitazoea. Je, nakosea kukasirika?

JIBU: Hukosei hata kidogo, na uzee haumo. Ulichopoteza ni ujuzi wa mkono. Mtu akitumia ukurasa mmoja mara kwa mara, hufika mahali akaacha kuusoma. Mkono unakwenda wenyewe.

Niliwahi kukaa nyuma ya mama mmoja tuliyemwomba ajaribu ukurasa mpya huku tukimtazama. Tulimwambia afungue ujumbe wake. Kishale kikapaa moja kwa moja hadi kona ya juu, upande wa kulia, kikatua penye weupe mtupu. Akabofya. Hapakuwa na kitu. Akabofya tena palepale, na mara ya tatu pia, ilhali kitufe kipya chenye neno “Ujumbe” kilikuwa upande wa kushoto, kikubwa kuliko cha zamani, mbele ya macho yake. Macho yalikuwa hayajaanza kazi, mkono ulishatangulia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Samahani, mimi si mtu wa kompyuta.” Alikuwa ameitumia tovuti ile miaka sita. Neno lile liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwa sababu kitufe tulikihamisha sisi, halafu aliyeomba radhi ni yeye.

Watoto wako wana nusu ya ukweli. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huanza kupenda kitu kwa kukiona mara nyingi tu, hata kama ni neno lisilo na maana yoyote kwao. Kwa hiyo sehemu ya mapenzi yako kwa ukurasa wa zamani ilitokana na kuuona kila siku, na huu mpya nao utapata bahati hiyohiyo. Upe siku kumi hivi. Baada ya hapo usijiulize kama unaupenda. Jiulize kama kazi uliyokuwa ukiifanya kwa dakika moja bado unaimaliza kwa dakika moja. Ikiwa sasa inakuchukua dakika nne, hilo si suala la mazoea tena. Umepunjwa, na una haki ya kusema.

SWALI: Mimi ni mmoja wa waliotengeneza ukurasa mpya wa tovuti kubwa. Huu ni mwaka wetu wa pili wa kazi hii, na tangu tuufungue siku tatu zilizopita tunapokea matusi tu. Bosi wangu anasema tunyamaze wiki mbili, watatulia. Ni kweli?

JIBU: Pole sana. Kazi ya miaka miwili haistahili kupokelewa kwa matusi, na naomba wasomaji wangu walisikie hilo. Bosi wako naye hajakosea kuhusu kelele: zitapungua. Ila kelele hupungua kwa njia mbili, ama watu wamezoea, ama wamejiondokea. Ukiwa umekaa ofisini, ukimya wa hawa na wa wale unasikika sawasawa.

Kisa kinachopendwa na mabosi ni cha Facebook. Septemba 2006 iliweka kwa mara ya kwanza mtiririko wa habari za marafiki kwenye ukurasa wa mwanzo, na mamia ya maelfu ya watu wakajiunga na kikundi cha kuupinga. Mark Zuckerberg kwanza aliandika, “Tulieni. Vuteni pumzi. Tunawasikia.” Siku chache baadaye akarudi na barua ya kuomba radhi, pamoja na mipangilio ya kumwezesha mtu kuchagua mambo yake yapi yatangazwe na yapi yasitangazwe. Mtiririko ulibaki, ukaja kuwa uti wa mgongo wa tovuti nzima. Wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye “walilalamika, wakazoea,” wakaruka kipande cha kati. Watu walilalamikia faragha yao, nao wakajibiwa kwenye faragha hiyohiyo. Ndipo wakatulia.

Sasa tazama Digg. Pale wasomaji wenyewe ndio waliokuwa wakipandisha habari hadi ukurasa wa mwanzo kwa kura zao. Toleo la nne, lililofunguliwa Agosti 2010, liliondoa kitufe cha kuzika habari mbaya, yaani kuipigia kura ya kuishusha, na kuwaruhusu wachapishaji kumimina habari zao moja kwa moja, na juu ya hayo tovuti ikawa inaanguka kila mara. Katika siku chache watumiaji wenye hasira waliujaza ukurasa wa mwanzo viungo vya Reddit, mshindani wake, kisha wengi wakahamia hukohuko. Mwaka 2012 jina na tovuti viliuzwa kwa kampuni ya Betaworks, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola 500,000 hivi. Watu wale rangi haikuwa shida yao. Walinyang'anywa sauti.

Na wapo wanaoondoka bila kutukana mtu. Kampuni ya Marks & Spencer ya Uingereza ilifungua tovuti mpya Februari 2014 kwa gharama ya pauni milioni 150, na wateja wa zamani wakatakiwa kujisajili upya. Katika robo ya mwaka iliyoishia Juni, mauzo ya mtandaoni yalikuwa yameshuka kwa asilimia 8.1. Mteja aliyeombwa kujisajili upya mahali alipokuwa tayari mwenyeji wala haandiki barua. Anafunga ukurasa.

Kwa hiyo usinyamaze wiki mbili. Chukua ujumbe wote, hata wenye matusi, ukaugawe. Kuna fungu la “sipendi”: sipendi rangi, sipendi herufi, sipendi picha kubwa. Hilo linaweza kusubiri, na kubwa lake litayeyuka lenyewe. Kuna fungu la “siwezi”: siwezi kuona oda yangu, siwezi kuingia kwenye akaunti. Hilo halisubiri hata saa mbili. Na kuna fungu la tatu, ambalo ni dogo ila ndilo la kuogopwa, la “mmeninyang'anya.” Hapo ndipo Digg ilipofia.

Kitu kimoja zaidi, maana najua ofisini mnazo takwimu. Tazama watu wanaandika nini kwenye kisanduku cha kutafutia. Neno lililokuwa kwenye menyu ya zamani likianza kuandikwa na maelfu kwenye kisanduku, hapo ndipo wanapopotea. Hiyo ni barua ya malalamiko pia, ila imeandikwa kwa neno moja.

SWALI: Kwa nini kurasa mpya zote zina nafasi nyeupe tele, halafu nasogeza chini mpaka kidole kinachoka? Zamani nilikuwa naona kila kitu kwa mara moja.

JIBU: Simu ndiyo sababu kubwa. Ukurasa mmoja unatakiwa utoshe kwenye kioo cha kiganja na kwenye skrini pana, hivyo wasanifu hupanga vitu kwa safu moja inayoshuka, na kwenye kompyuta pembeni hubaki patupu. Sababu ya pili ni nzuri zaidi: mstari mrefu sana unachosha jicho, kwa kuwa likifika mwisho linapata shida kuupata mwanzo wa mstari unaofuata. Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilisha sura yake tarehe 18 Januari 2023, ilipunguza upana wa maandishi kwa hoja hiyo, na kuiweka orodha ya yaliyomo pembeni ili isipotee msomaji anaposhuka. Wahariri wengi waliupinga weupe ule kwa maneno makali. Kuna kitufe cha kupanua maandishi, ubofye uone tofauti.

Binafsi naona makala ndefu inafaidika na wembamba huo. Ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya habari haufaidiki. Mtu hufika pale kupitisha macho kwenye vichwa ishirini na kuchagua kimoja. Ukimpa vichwa vitatu na picha moja kubwa umemfanya atembee kutafuta alichokuwa akikiona amekaa. Katika hili niko nawe.

SWALI: Naweza kurudisha sura ya zamani?

JIBU: Mara chache. Wikipedia inakuruhusu ukiwa na akaunti: ingia kwenye mapendekezo yako, sehemu ya mwonekano, uchague sura ya zamani. Reddit ilipobadilika mwaka 2018 iliuacha mlango wa zamani kwenye anwani old.reddit.com. Kwingine, kilichoondoka kimeondoka. Ukitaka kuutazama tu ukurasa wa zamani, Wayback Machine ya Internet Archive ina nakala za kurasa tangu 1996. Ninachokuomba ni hiki: usisakinishe programu usiyoijua kwenye kivinjari chako eti ikurudishie sura ya zamani. Nyingine huomba ruhusa ya kusoma kila unachofungua, na ukiikubali, hata nenosiri lako halina usalama.

SWALI: Macho yangu ni dhaifu. Maandishi mapya ni ya kijivu juu ya weupe, kama moshi. Nimewaandikia, wakanijibu kwamba muundo mpya ni “safi na wa kisasa.”

JIBU: Jibu hilo limenikasirisha. Kuna kipimo cha jambo hili, tena kimeandikwa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, katika toleo la 2.0 la mwaka 2008 ulisema maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1. Si suala la ladha ya mtu; programu za bure za kupimia zipo, unaweka rangi mbili zinakupa namba. Mwombe kijana mwenye ujuzi akupimie, kisha waandikie upya: “Maandishi yenu ya habari yana uwiano wa kadhaa, WCAG inataka 4.5.” Namba hiyo haijibiki kwa neno “kisasa.”

Wakati ukisubiri, shikilia Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha, herufi zitakua. Vivinjari vingi pia vina hali ya usomaji inayoondoa mapambo yote na kukuachia maandishi meusi yanayosomeka.

SWALI: Nilikuwa nimehifadhi viungo zaidi ya mia vya makala zao. Sasa vyote vinanipeleka kwenye ukurasa wa mwanzo.

JIBU: Huu ni uzembe, sina neno laini zaidi. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alishaandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Ukilazimika kuzibadilisha, unaweka maelekezo ili kila anwani ya zamani impeleke mtu kwenye makala ileile ilipohamia. Kumtupa kila mtu ukurasa wa mwanzo ni kuyakimbia maelekezo hayo. Nakili anwani zako moja moja uzitafute Wayback Machine; huenda nyingi zikapatikana.

SWALI: Kwa nini hawatuulizi kwanza?

JIBU: Huuliza, ila huuliza wachache. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua matatizo mengi ya ukurasa, na kwa kugundua mahali watu wanapojikwaa ninakubaliana naye. Shida ni kwamba watano hao mara nyingi ni wageni. Mgeni hana mkono uliozoea kona ya juu ya kulia, kwa hiyo hawezi kukuonyesha kilichopotea. Ningekuwa na amri, kila jaribio lingekuwa na watumiaji wa miaka mitano na zaidi, na sura ya zamani ingeachwa wazi angalau miezi mitatu kando ya mpya.

SWALI: Malalamiko yetu yanasomwa kweli? Niandike vipi nisikike?

JIBU: Yanasomwa, na nimeyasoma mimi. “Rudisheni ya zamani, hii ni takataka” zilikuja nyingi mno, na nilichoweza kufanya ni kuzihesabu tu. Zilizobadilisha kitu zilikuwa fupi na zilitaja kazi. Nakumbuka moja iliyosema hivi: “Kila Jumatatu napakua ripoti. Zamani nilibofya mara mbili. Leo nimebofya mara saba, na ya tano ilinirudisha mwanzo. Natumia simu. Picha nimeambatisha.” Hakukuwa na tusi wala sifa. Barua ile sikuituma kwa mfumo wa ofisi. Niliichapisha, nikaipeleka kwa msanifu mwenyewe, nikasimama kando ya meza yake mpaka alipotoa simu yake mfukoni na kuanza kubofya, akihesabu kwa sauti.