Jibu: Mama wa kituo achorwe na nguo gani?

Ndugu, umeuliza kama mama anayelea yatima hapo mtaani kwenu achorwe na nguo za sherehe au za kila siku. Mimi nasema za kila siku, kanga yake na ndala zake.

Itafute picha ya Kapteni Thomas Coram, iliyochorwa na William Hogarth mwaka 1740. Coram alikuwa baharia aliyehangaika miaka 17 kuomba kibali cha kujenga makao ya watoto waliotupwa London. Hogarth alimchora mzima mzima, kichwa hadi miguu, kama walivyochorwa mabwana wakubwa. Lakini hana wigi (muungwana wa zama zile bila wigi!), nywele zake mwenyewe nyeupe, koti jekundu, na miguu mifupi inayogusa sakafu kwa shida. Mkononi kashika muhuri wa hati ya mfalme, yaani kile alichokihangaikia.

Mama yenu naye ashike kitu cha kazi yake: daftari la majina ya watoto, au mwiko wa uji. Na msimpe mchoraji picha ya pasipoti tu, aende akakae naye hata asubuhi moja.