Jibu: Q inatoka 5 badala ya 31, kosa liko wapi?

Mkuu mleta uzi, usiisuke upya koili yako. Umesema una koili ya milihenri 10 yenye ukinzani wa omu 10 ukiupima kwa mita, imefungwa mfululizo na kapasita ya mikrofaradi 0.1. Hesabu inakupa Q (kipimo cha wembamba wa kilele cha volti sakiti inapofika masafa yake ya asili) ya 31, maabara inakupa 5. Hesabu iko sawa na vipimo viko sawa. Uliyemsahau ni jenereta ya mawimbi.

Mimi nikiwa chuo cha ufundi nilihangaika na hili siku mbili nzima. Nilibadilisha kapasita tatu, nikamsema vibaya aliyesuka koili. Fundi wa maabara akapita, akanyooshea kidole maandishi madogo kando ya tundu la jenereta: 50 Ω. Akaenda zake kunywa chai.

Hizo omu 50 zimo ndani ya jenereta, na sakiti ya mfululizo inazijumlisha na za koili. Chukua L (henri za koili) gawanya kwa C (faradi za kapasita), tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kwako 316; ukigawanya hiyo kwa ukinzani wote unapata Q. 316 kwa 10 ni 31.6, 316 kwa 60 ni 5.3. Ndiyo maana kilele chako kimekuwa tuta: upana wa hezi 950 hivi badala ya 160.

Kama huniamini, weka chaneli moja ya oskiloskopu kwenye kapasita, nyingine kwenye mdomo wa jenereta. (Kapasita ikae upande wa ardhi, la sivyo klipu ya ardhi ya oskiloskopu itashoti sakiti.) Sogeza masafa polepole hadi kwenye kilele, 5.03 kHz. Jenereta iliyokuwa na volti 1 bila mzigo itazama hadi 0.17, maana hapo koili na kapasita zimefutana, zimebaki omu 10 tu. Kapasita nayo itasoma volti 5.3. Gawanya 5.3 kwa 0.17: 31 yako hiyo.

Ukitaka kilele chembamba, funga rezista ya omu 1 sambamba na mdomo wa jenereta, sakiti yako ianzie hapo. Ukinzani wote unakuwa omu 11, Q karibu 29. Mawimbi yatabaki milivolti 20, ila kapasita itavuka nusu volti. Usishangae ukipata pungufu: kwenye 5 kHz kiini cha koili kinakula nguvu ambayo mita haiioni, maana inapima kwa DC (mkondo mnyoofu). Mimi niliishia Q ya 24.