Jibu: Mdogo wangu anaimba na kuigiza, aanzie wapi hapa Mombasa?

Salaam wanajukwaa. Mleta uzi anasema mdogo wake wa kike ana miaka 19, anaimba, anaigiza, na anataka iwe ndiyo kazi yake. Mama hataki kusikia. Na kuna mtu ameshamwitisha shilingi 3,000 za "usajili" ili afanye majaribio ya tamthilia ya televisheni. Waliotangulia wamemwambia afuate ndoto yake, basi. Mie kazi hii ndiyo iliyonilisha, jukwaani na mbele ya kamera, humu humu Mombasa, kwa hivyo mnistahimili nikirefusha.

Ndugu yangu, aanze jukwaani, ila asitarajie tiketi zimlishe. Mchezo wa nyimbo kamili, wenye bendi na wachezaji, kwetu ni nadra. Ukumbi wa Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja upo tangu enzi za mkoloni, na kwenye kituo cha Swahilipot karibu na Fort Jesus vijana hufanya kazi zao. Aende kote. Lakini mkishalipia ukumbi na taa, mnachogawana ni nauli.

Pesa ya jukwaa iko kwingine. Makundi ya waigizaji huzunguka shule za upili kuwaigizia watahiniwa wa KCSE vitabu teule vya fasihi. Leo mko Kwale, kesho Kilifi, keshokutwa Voi. Ukumbi ni bwalo la chakula, maikrofoni hakuna au ipo inakoroma, na wanafunzi wakikuchoka hawakufichi. Hapo ndipo sauti yangu ilipokomaa. Kisha kuna hoteli, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Diani, ambazo huajiri vijana wa animesheni, yaani wa kuwaburudisha wageni. Mchana unachezesha wageni mpira majini, usiku unapanda jukwaani kwenye vipande vya michezo ya nyimbo ya Broadway ya New York, mara nyingi ukifungua mdomo tu huku kanda ikiimba. Kuna wanaoidharau kazi hiyo. Mie siidharau. Huko New York kwenyewe mwigizaji wa michezo ya nyimbo hufanya maonyesho 8 kwa wiki, na mwili usiozoeshwa kurudia hauwezi. Ubaya wake ni msimu: masika yakiingia wageni hupungua, na mkataba nao huisha.

Televisheni hulipa vizuri zaidi, ila inataka kinyume cha yote hayo. Jukwaani sauti hutoka tumboni ifike kiti cha nyuma kabisa. Kwenye seti maikrofoni imebanwa kifuani mwako na kamera iko karibu na nyusi. Waliolelewa na tamasha za drama za shule wanaipata taabu hapa. Mwongozaji atakwambia punguza, utapunguza, atakwambia punguza tena. Halafu hakuna mwanzo wala mwisho: asubuhi unamlilia mumeo aliyekufa, mchana unaolewa naye, kwa sababu ile nyumba imekodishwa leo tu. Na kunguru! Fundi wa sauti wa Mombasa hana adui kama kunguru, akifuatwa na tuktuk. Utasema mstari wako kwa machozi ya kweli, kunguru mmoja juu ya mabati anaumaliza, uanze tena. Wakati wa kaskazi hata poda usoni haikai.

Asiwe na haraka ya kuhamia huko. Mwigizaji Angela Lansbury, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Marekani, alipata Tony yake ya kwanza, tuzo ya Broadway, mwaka 1966 kwa mchezo wa nyimbo, Mame. Mfululizo wa televisheni uliomwingiza kila nyumba, Murder, She Wrote, ulianza 1984 akikaribia miaka 59, ukaenda hadi 1996. Aliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni, mara 18 asipate hata moja, na kabatini Tony zimejaa. Yule yule mmoja.

Lakini kitu ambacho huyo binti anacho, na sidhani anajua thamani yake, ni Kiswahili chake. Tangu Citizen TV ilipoanza kurusha Sultana mwaka 2022, tamthilia ya Kipwani kutoka kwa Lulu Hassan na Rashid Abdalla, nimeona watu wakija kwenye majaribio wamevaa buibui na kubandika "wallahi" kila sentensi, wakidhani ndiyo Upwani huo. Mtu wa Majengo hapa Mombasa akiwasikia anacheka. Mswada mara nyingi umeandikwa kwa Kiswahili cha darasani. Akipewa, amwombe mwongozaji kwa adabu auseme kama shangazi yake angeusema. Mie niliwahi kupewa mama mkwe wa mistari michache tu. Nikamsemesha kama nyanya wa mtaani kwetu, na kufumba na kufumbua mama mkwe akawa na mkasa wake mwenyewe. Na asiache kuimba taarabu harusini. Kule anajifunza kumrushia mtu neno bila kumtaja, naye mwenyewe ajue, jambo ambalo sijaona darasa la uigizaji likilifundisha.

Kuhusu mama: msibishane naye, mchukueni seti siku moja aone wenyewe wanavyofanya kazi. Wangu baba ndiye aliyenuna. Kilichomtuliza ni kuona imeandikwa kwenye mkataba mavazi gani sivai, nani hanigusi, na saa ngapi narudishwa nyumbani, Ramadhani hasa. Kampuni yenye adabu hukubali.

Mkataba huo huo useme malipo yatatoka lini (nimewahi kukaliwa na pesa zangu miezi, nawe huna pa kushika kama ni maneno ya mdomo), na kipindi kikirudiwa au kikiuzwa kwingine itakuwaje. Haki za mwigizaji zimo katika Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kuna chama cha kukusanya mirabaha ya waigizaji. Ajiandikishe akishapata kazi ya kwanza iliyorushwa. Awe na PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, na asishtuke akikatwa kodi ya asilimia 5 kabla pesa haijamfikia.

Sasa hizo 3,000. Asitume. Nimefanya majaribio mengi na hakuna kampuni ya maana iliyonitoza hata ndururu. Mwigizaji hulipwa, halipi. Huyo mtu mwulizeni jina la kampuni, ofisi ilipo, na kipindi kinachorushwa na stesheni gani, kisha pigieni stesheni yenyewe. Akianza kuwaambia nafasi zinaisha leo, mzuieni tu kwenye simu.