"Wakili alikuwa mbovu" si hoja

Dada mmoja aliyeko Kentucky ameniandikia wiki hii. Mdogo wake alikiri kosa la dawa za kulevya miezi minane iliyopita, baada ya wakili aliyepangiwa na mahakama kumwambia asaini, atakaa kidogo atatoka. Sasa yuko gerezani na barua ya uhamiaji imemfikia: akimaliza kifungo, grini kadi yake haimsaidii, anarudishwa Kongo aliyoiacha akiwa mtoto. Dada anauliza, "Tukate rufaa tuseme wakili alikuwa mbovu?"

Hapana, dada yangu. Rufaa siyo mlango wake, na neno "mbovu" halina kazi mahakamani. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu barua kama yako zinakuja kila mara, na karibu zote zimechelewa.

Tuanze na mazoea tuliyotoka nayo nyumbani. Kenya, tangu kesi ya Okeno ya 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, na Tanzania mambo ni hayo hayo. Ndiyo maana ndugu zetu wakisikia "rufaa" wanafikiria kesi inaanza upya. Marekani majaji wa rufaa wanasoma jalada: mwenendo wa kesi ulioandikwa neno kwa neno na vielelezo vilivyopokelewa. Hawaiti shahidi wala hawapokei karatasi mpya. Sasa kama lalamiko lako ni kwamba wakili hakumtafuta shahidi fulani, shahidi huyo atakuwa kwenye jalada kwa njia gani? Hayumo, na kutokuwamo kwake ndilo kosa lenyewe.

Kwa hiyo lalamiko la aina hii mara nyingi linapelekwa kwa ombi la kutengua hukumu, ambalo linarudi kwenye mahakama ile ile iliyokuhukumu na linaruhusu viapo, nyaraka na mashahidi wapya. Kwa kesi za shirikisho (zinazosikilizwa na mahakama za serikali kuu, siyo za jimbo), Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2003 katika kesi ya Massaro kwamba hupotezi haki yako kwa kutolileta lalamiko hilo kwenye rufaa. Majimbo yana taratibu zao. Iowa, kwa sheria ya 2019, mahakama ya rufaa hairuhusiwi kabisa kuliamua lalamiko hilo kwenye rufaa ya kawaida. Illinois, kosa la wakili likiwa linaonekana kwenye jalada na hukulisema kwenye rufaa, umelipoteza. Basi jiulize mapema: kosa hili linaonekana kwenye mwenendo wa kesi, au liko nje ya jalada? Ukikosea hapo unaweza kutumia mwaka mzima kugonga ukuta.

Kipimo chenyewe kilitoka 1984, kesi ya Strickland dhidi ya Washington, ya Florida, hukumu ikiandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor. Kina miguu miwili na lazima isimame yote. Kwanza, kazi ya wakili ilishuka chini ya kiwango cha wakili mwenye busara ya kawaida. Pili, upo uwezekano wa maana kwamba bila kosa hilo matokeo yangekuwa mengine. Huhitaji kuthibitisha kwamba ungeshinda, wala kwamba uwezekano wa kushinda ungezidi nusu. Inatosha uwezekano unaomfanya mtu asiiamini tena ile hukumu. Lakini jaji anaruhusiwa kuanza na mguu wa pili, na wengi wanaanzia hapo kwa kuwa ni rahisi. Anasema: hata tukikubali wakili alikosea, ushahidi dhidi yako ulikuwa mzito, ombi linatupwa. Haulizi tena wakili alifanya nini.

Hapa ndipo watu wetu wanapoanguka. Wanaandika kurasa kumi na mbili: wakili alikuja gerezani dakika kumi, hapokei simu, alikuwa na dharau, alivaa vibaya. Kurasa zote hizo ni za mguu wa kwanza, na hata huo haziusimamishi. Dharau siyo kosa la kisheria. Dakika kumi siyo kosa la kisheria mpaka uonyeshe dakika ya kumi na moja ingeleta nini. (Wakili kulala mahakamani ni jambo jingine. Texas, katika kesi ya Burdine, hukumu ilitenguliwa mwaka 2001 kwa sababu wakili alisinzia sehemu kubwa ya kesi. Ila usitegemee kumpata wa namna hiyo.)

Kingine kinachowaponza ni kushambulia mbinu. Wakili aliyechunguza jambo kisha akaamua kutomwita shahidi kwa kuogopa maswali ya upande wa mashtaka amefanya uamuzi wa kitaalamu, na jaji hataugusa. Wakili ambaye hakumpigia shahidi simu hata mara moja hakuamua chochote. Huwezi kuchagua usichokijua. Tofauti ya wawili hao ndiyo kesi yako.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa Anthony Ray Hinton, Alabama. Alihukumiwa kifo mwaka 1986, na ushahidi mkubwa ulikuwa risasi zilizodaiwa kutoka kwenye bastola ya nyumbani kwa mama yake. Wakili wake alihitaji mtaalamu wa silaha, lakini aliamini sheria inamruhusu dola 1,000 tu. Kwa fedha hizo akampata mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alijua hatoshi: mhandisi wa ujenzi, na jicho moja lilikuwa halioni. Kikomo hicho cha dola kilikuwa kimeshafutwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja kwamba wakili alishindwa kazi, na angalia sababu: siyo kwamba alichagua mtaalamu dhaifu, bali kwamba hakuisoma sheria iliyomruhusu kuomba fedha zaidi. Kumchagua mtaalamu dhaifu peke yake kungeitwa mbinu. Kutoijua sheria ya kesi uliyoishika hakuna anayeweza kukuita mbinu. Hinton alitoka Aprili 2015, baada ya karibu miaka 30.

Kwa aliyekiri kosa, mguu wa pili unabadilika. Swali linakuwa: angepewa ushauri sahihi, angekataa kukiri na kwenda kwenye kesi? Dada yangu, hii ndiyo sehemu yako, na imetoka jimboni kwako. Jose Padilla alikuwa dereva wa lori, mzaliwa wa Honduras, ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na amepigana Vietnam. Alikamatwa na bangi Kentucky. Wakili akamwambia asiwe na wasiwasi na uhamiaji kwa kuwa amekaa sana nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wakili wa mhamiaji ana wajibu wa kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini. Sheria ikiwa wazi, ushauri uwe wa wazi. Isipokuwa wazi, angalau amwambie hatari ipo. Na kwa dawa za kulevya sheria iko wazi: karibu kila kosa linamfukuzisha asiye raia, isipokuwa kukutwa mara moja na bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yake mwenyewe.

Lakini kusema leo "ningejua nisingekiri" hakutoshi. Kila mtu anasema hivyo akishaipata barua. Katika kesi ya Lee ya 2017, mtu aliyeletwa toka Korea Kusini akiwa mtoto, mahakama ilitaka ushahidi wa wakati ule ule wa kukiri. Lee alikuwa nao: alimuuliza wakili wake mara nyingi kuhusu kufukuzwa, na wakili mwenyewe alikubali hivyo kwa kiapo. Ndiyo sababu alishinda ingawa kesi yake ilikuwa dhaifu. Basi tafuta vya wakati ule. Ujumbe wa simu aliokutumia wiki ya kusaini. Barua pepe. Watoto wake ni raia? Ana kazi, nyumba, mama anayemtunza? Kule Kongo amebakiza nani? Hivyo vinaonyesha mtu ambaye kufukuzwa kungemuuma kuliko kufungwa. Soma pia fomu ya kukiri kosa: fomu nyingi zina mstari unaosema asiye raia anaweza kupata matatizo ya uhamiaji, na mwendesha mashtaka atauinua kwanza. Jibu lake liwe tayari, hasa kama fomu ilisomwa haraka bila mkalimani.

Mkalimani ni somo la peke yake. Mwenendo wa kesi wa Marekani unaandika Kiingereza tu. Kiswahili alichosema mkalimani, na Kiswahili mdogo wako alichojibu, havimo. Mzaliwa wa Bukavu akipewa mkalimani wa Kiswahili cha Mombasa, au Mnyamulenge akipewa Kiswahili kwa sababu tu anatoka Kongo, kinachobaki kwenye jalada ni "yes" safi. Omba sauti iliyorekodiwa kama ipo, na uiombe mapema. Kisha tafuta alikutanaje na wakili ofisini au gerezani: kulikuwa na mkalimani, au alitafsiri binamu?

Sasa jalada la wakili, yaani faili lake mwenyewe la kesi hii. Mteja ana haki ya kulipata, na aombe yeye kwa barua yenye tarehe na saini yake. Aombe kwa adabu. Najua mna hasira, lakini wakili aliyekosea ndiye shahidi wenu mkubwa. Kiapo chake kinachosema "sikumweleza habari ya uhamiaji" kina uzito kuliko viapo kumi vya familia. Ukianza kwa kumshtaki kwenye chama cha mawakili na kumtukana Facebook, umejifungia mlango. Na msimwite "wakili wa serikali" mkizungumza na ndugu wa nyumbani. Kwetu huyo ni mwendesha mashtaka, na nimeona familia nzima ikiamini kijana wao alitetewa na adui.

Mashahidi walioko Goma au Nairobi wasihangaike na mwanasheria wa kugonga mihuri. Mahakama za shirikisho zinapokea tamko lililosainiwa bila mthibitishaji, ila likisainiwa nje ya Marekani lazima liseme ni chini ya adhabu ya kiapo cha uongo "kwa sheria za Marekani", liwe na tarehe na saini, na tafsiri iambatane na uthibitisho wa mtafsiri. Wengi wanasahau maneno hayo ya sheria za Marekani, tamko linakuwa karatasi tu. Mahakama ya jimbo inaweza kutaka kiapo kamili, uliza kwanza. Tamko liseme mambo manne: nilikuwa wapi siku ya kesi, ningesema nini, nilikuwa tayari kufika, na wakili alijua habari zangu kupitia nani na lini. Usiyajadili haya kwenye simu ya gerezani, zinarekodiwa.

Kuna kosa moja ambalo halihitaji mguu wa pili kwa namna hiyo. Mteja akimwambia wakili "kata rufaa" na wakili asipeleke notisi ya rufaa, mguu wa pili unachukuliwa kuwa umesimama. Inatosha kwamba rufaa imepotea. Mwaka 2019, kesi ya Garza, mahakama ikasema ni hivyo hata kama mteja alisaini kuacha haki ya rufaa. Siku za notisi ni chache: 14 kwa shirikisho, 30 Kentucky na Texas, 60 California kwa makosa makubwa. Agizo litolewe kwa maandishi, siku hiyo hiyo ya adhabu.

Na saa nyingine inakwenda bila kelele. Kentucky inatoa miaka 3 kuleta ombi la kutengua hukumu. Watu wanasikia miaka 3 wanalala. Lakini mfungwa wa jimbo akitaka baadaye kulalamika kwenye mahakama za shirikisho, zinampa mwaka 1 tangu hukumu iwe ya mwisho (kama hakukata rufaa, tangu siku za notisi ziishe), na ombi la jimbo linasimamisha mwaka huo kwa muda linapokuwa mahakamani tu, haliurudishi mwanzo. Ukileta ombi la jimbo mwezi wa ishirini, jimbo litakusikiliza na shirikisho limeshafunga. Wala usitarajie huruma: haki ya kulalamikia wakili ipo pale tu ambapo katiba inakupa haki ya wakili, na kwenye ombi la kutengua haikupi. Roger Coleman wa Virginia, wakili wake alichelewa siku 3 kwenye hatua hiyo. Mwaka 1991 mahakama ikasema kosa ni la Coleman. Mwaka uliofuata akanyongwa kwa umeme.

Kabla hujaleta chochote, mwambie mdogo wako mambo mawili. Akilalamikia wakili, siri waliyozungumza inafunguka, na wakili anaweza kutoa ushahidi juu yake. Na akishinda hatoki. Anarudi pale alipokuwa kabla ya kukiri, na mashtaka yaliyofutwa kwa makubaliano yanaweza kurudi yote. Kuna watu ambao, wakishapigiwa hesabu hii, wanaacha, na wana haki.

Kwa hesabu yako, dada: miezi minane tangu hukumu, hamkukata rufaa, toa siku 30 za notisi, umekwisha kutumia kama miezi saba ya ule mwaka wa shirikisho. Mmebakiza mitano. Ombi la kutengua hukumu, ambalo Kentucky liko chini ya kanuni ya 11.42, lipelekwe sasa, lisainiwe na kuapwa na yeye mwenyewe, siyo wewe wala yule ndugu wa kanisani anayejua Kiingereza. Litaje kila kosa kwa jina, tarehe na karatasi iliyoambatanishwa. Ndani yake aandike waziwazi kwamba hana fedha na anaomba wakili, kwa sababu jaji akiona kuna haja ya kusikiliza ushahidi anampangia wakili pale tu mwombaji alipoomba kwa maandishi. Ombi kuwepo mahakamani halizuii uhamiaji kuendelea, kwa hiyo wakili wa uhamiaji ajulishwe siku hiyo hiyo. Na mkishinda, hakikisheni amri ya jaji inasema hukumu imetenguliwa kwa sababu ushauri wa wakili ulivunja haki ya kikatiba. Ikiandikwa kwamba imetenguliwa kwa kumwonea huruma asifukuzwe, jaji wa uhamiaji ataihesabu hukumu kuwa bado ipo.