Nani Atamwagilia Februari?

Kila mwaka ikikaribia tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, simu yangu haipumziki. Walimu, viongozi wa misikiti na makanisa, vikundi vya vijana, wenyeviti wa mitaa, wote wana swali moja: tupande miti gani? Nami huwauliza kwanza: Februari mtakuwa wapi?

Nauliza kwa sababu nimesimamia bustani, njia za miguu na mitaro hapa Tanga kwa miaka 14, na miti iliyonifia mikononi ni mingi. Karibu yote imekufa katika miezi hiyohiyo miwili, Januari na Februari. Aprili na Mei masika inamwagilia bure, mche unachipua, watu wanapiga picha. Kusi likivuma katikati ya mwaka, unyevu bado upo. Vuli ikija Oktoba na Novemba, mche unapata nguvu tena na wewe unajipongeza. Halafu kaskazi linakaza, Januari inapita bila tone la maana, ardhi inapasuka, na mche ambao mizizi haijashuka hata nusu mita unabaki peke yake. Wale wa Aprili hawapo tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote aliyekabidhiwa eneo la wazi la mtaa, shule au jiji zima ni huu: ukipata fedha ya miche 100, panda 20, na fedha iliyobaki itengee maji na mtu wa kuyabeba kwa miezi 18. Najua haipendezi kwenye taarifa. Miche 100 inasomeka vizuri kuliko 20. Lakini nimepita kwenye viwanja ambako shimo lilelile limepandwa mti mara nne kwa miaka minne, na kila mara tulilipia mche, kiriba na usafiri.

Nieleze tulivyofanya kwenye kibustani kidogo cha Ngamiani, pembeni ya kijiwe cha bodaboda. Mashimo tulichimba Machi, kabla mvua haijaanza, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Udongo wa juu tuliuweka upande wake na wa chini upande wake, kisha ule wa juu ukachanganywa na samadi iliyooza ukarudi shimoni wa kwanza. Kila mche ukazungushiwa kisahani cha udongo ili maji yasikimbie. Juu ya kisahani tulipanga makumbi ya nazi, mgongo juu, tumbo chini. Makumbi hapa kwetu yanatupwa bure, na hakuna matandazo ninayoyaamini zaidi: ukiyainua saa saba mchana wa Februari, udongo wa chini bado una ubaridi. Baada ya hapo tukatafuta wenye miti. Si walinzi wala kamati, mtu mmoja kwa mti mmoja. Vijana wa bodaboda walichukua minne, muuza kahawa mmoja, mama lishe mmoja.

Yule mama lishe nilimuuliza, "Dada, maji ya kuoshea mchele unayamwaga wapi?"

"Mtaroni, wapi tena?"

"Mmwagie huyu mkungu hapa. Kila siku, hata kama jana umemwagia."

"Na nikihama je?"

"Ukihama, uje unikabidhi."

Alihamia Pongwe mwaka wa pili. Asubuhi moja alikuja kunitafuta, akanipeleka mpaka kwenye mti, akanionyesha alipofunga kamba na tawi lililovunjwa na mbuzi, kama mpangaji anayerudisha funguo. Mkungu ule leo unawapa kivuli watu kumi na zaidi. Kati ya miti yote ya pale ndio uliokua haraka kuliko mingine, na sina shaka ni yale maji ya mchele.

Kuhusu aina, sitazunguka sana. Karibu na bahari, kule Raskazone na kwenye ule ukingo wa Bustani ya Jamhuri unaotazama bandari na Kisiwa cha Toten, upepo una chumvi, na miche laini inaungua majani. Huko mtondoo, mkungu, mkadi na mnazi havinisumbui. Mvinje unastahimili pia, ila chini yake hauoti ukoka, kwa hiyo usiupande mahali unapotaka watoto wacheze. Mwarobaini ni mwepesi kuotesha, lakini ndege husambaza mbegu zake mpaka usikotaka. Ukiupanda karibu na kichaka cha asili utajuta. Mkrismasi ukichanua Desemba unapendeza kweli, ila mizizi yake inakwenda juujuu na matawi yanakatika upepo ukizidi. Uweke mbali na ukuta, mtaro na mabenchi. Na kwa maji ya kumwagilia, usitegemee kisima kilichochimbwa karibu na ufukwe bila kuyaonja kwanza. Tuliwahi kuimwagilia miche maji ya chumvichumvi mwezi mzima tukidhani tunaiokoa.

Nyasi sasa. Kufyeka kunakula bajeti kuliko kitu kingine, na watu wengi wakishafyeka wanarundika na kuchoma. Tafadhali acheni kuchoma. Jiji hili lina wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wanaofugia nyumbani, na kiangazi wanatembea mbali na baiskeli zao kutafuta majani. Tuliongea na watatu. Wanakuja asubuhi kwa zamu, wanakata, wanafunga mizigo, wanaondoka. Masharti ni mawili: wasikate chini ya kiganja, na wasiguse kisahani cha mti wowote. Sisi tunapata bustani iliyokatwa, wao wanapata malisho. Masika majani yakiwazidi, wanatuletea samadi bila kudaiwa.

Vibarua walipwe kwa wakati. Siwezi kulisema hili kwa upole. Mtu anayezoa taka zenye vioo na sindano mtaroni, bila glavu na bila buti, akicheleweshewa ujira wa wiki tatu, hana sababu ya kukuinamia tena kuangalia kama mche umekauka. Weka buti, glavu, tupa za kunolea mafyekeo na mipira ya toroli kwenye bajeti kabla hujaandika neno "miche". Toroli moja lenye gurudumu bovu limewahi kutusimamishia kazi siku nne.

Njia za miguu zinaharibiwa na nini? Wengi wanadhani ni pikipiki, na kweli zinachangia, lakini mharibifu mkubwa ni maji ya mvua yaliyopata mahali pa kukimbilia. Njia ikitengenezwa kama mfereji, masika moja inatosha kuifanya mfereji kweli. Iinamishe kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata, na kwenye mteremko laza mawe kwa mshazari kila baada ya hatua ishirini hivi yayatoe maji pembeni. Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, vaa koti ukaitembelee njia yako papo hapo. Dakika ishirini za mvua zitakuonyesha yote.

Nataka nikae zaidi kwenye mabonde na vinamasi, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea vibaya kuliko popote.

Kulikuwa na bonde dogo nyuma ya nyumba za watu, limejaa matete na mafunjo. Wakazi walilalamika: nyoka, mbu, vibaka. Nilileta vibarua kumi na wawili, tukafyeka kila kitu kwa siku tano, tukang'oa na visiki vya matete. Pakawa peupe, ungeweza kuona upande wa pili. Watu walinishukuru sana. Masika ilipokuja, maji yaliyokuwa yakiingia kwenye matete na kutembea polepole yalipita moja kwa moja kama yamefunguliwa koki. Tope likashuka nayo, likajaza kalvati lililo chini ya barabara, maji yakarudi nyuma, na nyumba mbili zikaingiliwa mpaka kwenye godoro. Bi mkubwa wa nyumba mojawapo alinishika mkono mbele ya watu akaniambia, "Mwanangu, yale majani mabaya ndiyo yaliyokuwa yanatulinda." Nilikaa naye siku ile tukitoa tope kwa ndoo. Matete tuliyarudisha sisi wenyewe, vipande vya mizizi tukivichukua kutoka bonde la jirani, na ilichukua misimu miwili kushika.

Tangu hapo bonde lolote nalitembelea kiangazi na masika kabla sijagusa jani. Natafuta maji yanaingilia wapi, yanapumzikia wapi, yanatokea wapi. Nikifyeka, nafyeka ukanda wa mita mbili pembeni ya njia ili mtu apite bila hofu, na katikati naacha. Kuhusu mbu, nimeshika kijiko cha kuchotea maji mara nyingi vya kutosha kusema hivi: kinamasi kilicho hai, chenye vyura, visamaki na kereng'ende, viluwiluwi vya mbu humo ni vichache. Chota kwenye mtaro ulioziba kwa chupa na maji machafu ya nyumbani uone vilivyojaa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 mitaro yetu imepata nafuu, lakini chupa zimebaki. Weka wavu wa nondo mbele ya kalvati, na amua leo nani atausafisha kila baada ya mvua, kwa sababu wavu usiosafishwa ni ukuta. Ule usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi hautoshi kwa kazi hii; mvua haingoji Jumamosi.

Adui mwingine wa mabonde ni kifusi. Huanza lori moja usiku, wiki ijayo matatu, mwaka unaofuata kuna msingi wa nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari zinapoweza kuathiri mazingira hayo. Usingoje msingi. Pima mita hizo pamoja na mwenyekiti wa mtaa na wenye nyumba, mchana, kila mtu akiona, kisha panda mstari wa miti au vigingi hapo. Mgogoro wa mpaka ni mwepesi kabla ya lori la kwanza.

Nimalizie na mikoko. Miaka ya mwanzo tulipanda miche mingi ya mkoko kwenye tope la ghuba. Tulikwenda saa nne asubuhi siku ya bamvua, maji yamekupwa mbali kabisa, tope limeenea mbele yetu kama shamba. Tukapanda mpaka mbali. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi kwenye kigogo akiziba jarife lake. Nilimwamkia, akaitikia, akatutazama muda mrefu.

"Mwanangu, mmekuja siku ya bamvua mkaona nchi kavu. Njooni wiki ijayo, maji mafu."

Tulikwenda. Wakati wa maji mafu bahari haikupwi mbali kiasi kile, na sehemu yote tuliyopanda ilikuwa chini ya maji asubuhi, mchana na jioni. Tuliizamisha ile miche. Iliyobaki ilivamiwa na makombe madogo kwenye mashina, na baada ya miezi mitatu hapakuwa na kitu.

Sasa sipandi mikoko mahali ambapo haijawahi kuota. Naangalia kwanza kama kuna miche inayojiotea. Ikiwepo, kazi yangu ni kuilinda. Isipokuwepo, na mikoko mikubwa iko jirani, nauliza nini kinazuia mbegu au maji kufika. Mahali pamoja kilichozuia kilikuwa tuta la zamani la shimo la chumvi lililotelekezwa. Tulifuata kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mikoko ni msitu wa hifadhi na hata kwa nia njema huingii na chepe kienyeji, kisha tukakata tuta sehemu mbili na kuchimba kijito kifupi maji yaingie na kutoka. Hatukupanda hata mche mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia. Miche ya mchu, aina mojawapo ya mkoko, imefika magotini, imejaa pande zote za kijito, na kati yake nilihesabu mikandaa mitatu, mikoko ya aina nyingine. Mzee alikuwa kwenye kigogo chake. Nilimwonyesha mikandaa kwa furaha. Akaitazama, akatazama kijito, akaniuliza, "Hiki mmekizibua lini mara ya mwisho?"

Ilikuwa kabla ya vuli. Mdomo wa kijito ulikuwa umeanza kujaa mchanga. Nilimwomba chepe kijana aliyekuwa akivuta ngalawa, nikavua viatu.